Mtoto Mwenye Mzio wa Vyakula Vingi: Mwongozo Kamili wa Kumlinda Bila Kumshindisha Njaa

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi wa mtoto wa mwaka 1 hadi 3 mwenye mzio (aleji), yaani ambaye vyakula viwili au zaidi vinamdhuru: maziwa na mayai, kwa mfano, au karanga, samaki na ngano kwa pamoja.

Wazazi wengi hukwama mahali palepale. Mtoto anatoka vipele, wanaacha maziwa. Vipele vinarudi, wanaacha mayai. Kisha maharage, kisha samaki, kisha nyanya kwa sababu jirani kasema. Baada ya miezi michache mtoto amebaki na uji mweupe na chai ya rangi, ngozi bado inawasha, na kwenye kadi ya kliniki mstari wa uzito umelala, haupandi.

Hatari hapa ni mbili. Chakula kisichomfaa kinaweza kumdhuru mtoto ndani ya dakika chache. Kukatiwa vyakula ovyo kunamdhuru polepole, na hili la pili ndilo linalopuuzwa zaidi. Kwa hiyo kazi yetu ni kuondoa vichache vilivyothibitishwa, kuviondoa kabisa, na kumpa vingine vyote kwa wingi.

## Andaa vitu hivi kwanza

- Daftari dogo na kalamu, vikae jikoni.
- Simu yenye kamera, kwa ajili ya kupiga picha za ngozi na za lebo za vyakula.
- Kadi ya kliniki ya mtoto.
- Sufuria, mwiko, chujio, bakuli na kikombe vya mtoto peke yake. Chagua rangi ambayo hakuna mwingine nyumbani anaitumia.
- Makopo yenye mifuniko ya kuhifadhia unga wake na nafaka zake.
- Dawa alizoandikiwa na daktari, zikiwa mahali ambapo kila mtu mzima wa nyumba hiyo anapajua.
- Karatasi ngumu ya kutengenezea kadi ya dharura.
- Nauli ya dharura. Iweke pembeni na isiguswe kwa matumizi mengine.

## Hatua ya 1: Jiandae kwa dharura leo

Tunaanza hapa kwa sababu huenda ukaihitaji hatua hii kabla hujamaliza zilizobaki.

Mzio wa haraka hujitokeza ndani ya dakika chache hadi saa 2 baada ya kula. Mabaka machache yanayowasha mdomoni, mtoto akiwa anacheza kama kawaida, ni jambo la kufuatilia kwa karibu. Ishara zifuatazo ni za kukimbilia hospitali:

- anapumua kwa shida, kifua kinalia au anakohoa mfululizo;
- sauti imekwaruza, au kilio kimebadilika ghafla;
- ulimi unavimba, anashindwa kumeza, mate yanamtoka;
- amepauka, amelegea, au amesinzia wakati si wa kulala;
- anatapika tena na tena huku mwili umejaa mabaka.

Dawa inayookoa maisha hapo ni adrenalini, inayochomwa kwenye msuli wa paja, upande wa nje. Dozi huhesabiwa kwa uzito: miligramu 0.01 kwa kila kilo, yaani mtoto wa kilo 10 hupata miligramu 0.1. Kuhesabu ni kazi ya mhudumu wa afya. Kazi yako ni kufika na uzito wa karibuni ukiwa umeandikwa kwenye kadi, ili asipoteze dakika akitafuta mizani.

Kalamu maalumu za adrenalini za kujichomea nyumbani ni ghali na maduka mengi ya dawa kwetu hayanazo. Kama daktari amekuandikia na umeipata, mwombe akufundishe kuitumia, umchome mtoto mara tu ishara zinapoanza, kisha muondoke. Kama huna, fanya hivi wiki hii: nenda mchana kwenye kituo cha afya cha karibu, uulize kama adrenalini ipo, nani yuko zamu usiku, na kama mlango uko wazi siku za sikukuu. Jibu likiwa hapana, tafuta kituo kingine na uandike njia ya kufika. Zungumza mapema na jirani mwenye gari au dereva wa bajaji unayemwamini.

Onyo la kwanza. Dawa za kuzuia kuwashwa, kama ile ambayo wengi tunaijua kwa jina la Piriton, hupunguza mabaka. Hazifungui koo linaloziba na hazipandishi shinikizo la damu lililoshuka. Mtoto aliyepewa dawa hiyo akasinzia anaweza kuonekana ametulia kumbe anazidiwa.

Onyo la pili. Usimnyweshe maziwa. Mazoea yetu ya kumpa maziwa mtu aliyekula kitu kibaya yanaweza kumuua mtoto mwenye mzio wa maziwa. Usimtapishe, usimpe maji ya chumvi, mkaa wala mafuta.

Onyo la tatu. Usimbebe akiwa wima begani wala mgongoni. Mlaze chali miguu ikiwa imeinuliwa kidogo. Akipumua kwa shida, mpakate akiwa ameketi, miguu imenyooka. Hata akipata nafuu njiani, endelea mpaka hospitali. Dalili zinaweza kurudi saa kadhaa baadaye, ndiyo maana hospitali humweka chini ya uangalizi.

Kuna pia mzio unaochelewa. Mtoto anakula, anacheza, na baada ya saa 1 hadi 4 anatapika mfululizo mpaka analegea na kupauka, bila kipele hata kimoja. Wengi hudhani amekula kitu kilichochacha. Huyu naye apelekwe haraka, kwa kuwa mwili wake unapoteza maji.

*Umefaulu ikiwa:* kila mtu mzima nyumbani anaweza kutaja ishara hizo bila kusoma, na kadi yenye jina, uzito, vyakula vinavyomdhuru na namba za simu imebandikwa mlangoni.

## Hatua ya 2: Andika kabla ya kuondoa

Kwa wiki 2 andika kila kinachoingia mdomoni, saa alipokula, na kilichotokea. Andika na viungo. "Wali na mboga" hakumsaidii daktari. "Wali wa nazi, mchicha uliotiwa karanga" kunamsaidia. Piga picha ya ngozi wakati mabaka yapo, maana mara nyingi yanakuwa yamekwisha kabla hamjamwona daktari.

Chakula ambacho tayari kimemletea ishara za hatari kiache sasa hivi. Usikirudie ili upate cha kuandika.

Daftari litakuonesha pia yasiyo mzio. Kama nyumba nzima inajikuna, hasa usiku na katikati ya vidole, fikiria upele wa kuambukizana. Mabaka yanaweza kuletwa na virusi vya mafua bila chakula kuhusika. Na mtoto aliyetoka kuharisha sana anaweza kujaa gesi akinywa maziwa kwa sababu utumbo wake bado haujapona. Hilo hupita, wala si sababu ya kumfutia maziwa kwa miaka.

Dalili za polepole, kama pumu ya ngozi (ngozi kavu inayowasha na kupasuka) kuchachamaa, kuharisha au damu kidogo kwenye choo, huweza kuja hata baada ya siku moja au mbili. Bila maandishi hutaziunganisha na chakula.

## Hatua ya 3: Mpeleke kwa daktari wa watoto

Chukua daftari, picha na kadi ya kliniki. Zahanati ikikwama, omba rufaa hadi hospitali ya mkoa au ya kanda yenye daktari bingwa wa watoto.

Historia uliyoiandika ina uzito kuliko kipimo. Kipimo cha kuchoma ngozi kidogo, au cha damu cha kingamwili aina ya IgE, huonesha kwamba mwili umekitambua chakula fulani. Hakithibitishi peke yake kwamba chakula hicho kinamdhuru. Kuna watoto wenye majibu chanya kwa ngano ambao wamekula chapati maisha yao yote bila tatizo. Ukimfutia mtoto kila kilichotokea chanya, umemwonea.

Zipo maabara zinazouza vipimo vya IgG, kingamwili ya aina nyingine, vya makumi ya vyakula kwa pamoja. Hifadhi fedha yako. IgG huonesha zaidi kwamba mtoto amewahi kula chakula hicho.

Muulize daktari mambo haya:

- Ni vyakula vipi hasa tunaviondoa, na kwa muda gani?
- Kipi ni mzio wa haraka na kipi ni wa polepole?
- Kama ananyonya, je, mimi nami niache? Mara nyingi jibu ni hapana, isipokuwa mtoto anapata dalili kupitia maziwa yako. Usimwachishe kunyonya kwa sababu ya mzio. Shirika la Afya Duniani linashauri kunyonyesha hadi miaka 2 na zaidi.
- Vipi kuhusu chanjo? Chanjo ya surua ni salama kwa mtoto mwenye mzio wa mayai, usiikose. Ya homa ya manjano hutengenezwa kwenye mayai ya kuku, hivyo mwambie mhudumu kabla hajachoma.

Kama mtoto ana pumu ya ngozi, dai mpango wa kuitibu kwa dawa na mafuta ya kulainisha ngozi kila siku. Ngozi iliyopasuka hupitisha chembe za chakula, na mwili unaweza kujenga mzio kwa njia hiyo. Wapo wanaomkanda mtoto wa namna hii kwa mafuta ya simsim (ufuta) au ya lozi. Ni bora kuacha.

## Hatua ya 4: Ondoa kwa muda maalumu, kisha rudisha

Kwa dalili za polepole, ondoa chakula kinachoshukiwa kwa wiki 2 hadi 4, kabisa, kisha kirudishe kwa utaratibu wa daktari. Dalili zikiisha na zikarudi pamoja na chakula, umepata jibu. Zisipobadilika, chakula hicho hakina kosa: mrudishie mtoto haki yake.

Wengi huondoa vizuri, halafu wanaogopa kurudisha. Naelewa hofu hiyo. Lakini mtoto mwenye pumu ya ngozi akikaa muda mrefu bila chakula alichokuwa anakimudu, mwili unaweza kukisahau na kukipokea kwa ukali zaidi baadaye.

Onyo. Chakula kilichowahi kuleta mzio wa haraka, hata mara moja, hakijaribiwi nyumbani. Kinajaribiwa hospitalini, adrenalini ikiwa mezani.

## Hatua ya 5: Chunguza unga wa lishe na mafichoni mengine

Hapa ndipo juhudi za familia nyingi zinapovuja. Mama ameacha karanga, ameacha soya, ameacha maziwa, lakini asubuhi na jioni mtoto anakunywa uji wa lishe. Ndani ya unga huo kuna mahindi, ulezi na mtama, pamoja na karanga, soya, mara nyingine ngano, mchele, ufuta, hata dagaa waliosagwa. Kikombe kimoja kinaweza kuwa na vyakula kadhaa kati ya vile unavyojaribu kumwondolea.

Achana na unga wa mchanganyiko. Nunua ulezi au mtama ukiwa nafaka nzima, pepeta, chambua, osha, anika, kisha saga. Mashine ya mtaani nayo ni tatizo: aliyetangulia huenda amesaga lishe yenye karanga. Nenda asubuhi, saga baada ya mtu mwenye mahindi matupu, na unga wa kwanza kutoka uwe wa watu wazima. Kama mtoto amewahi kupata ishara za hatari, usitegemee hilo. Saga nyumbani kwa blenda yake. Kinu cha mti kilichotwangiwa karanga hakifai, kwa sababu mafuta yake yameingia kwenye mti.

Mafichoni mengine ya kuangalia:

- Karanga: kisamvu, mchicha, mlenda, kashata, visheti vya dukani, siagi ya karanga. Korosho na karanga huchomwa kwenye sufuria moja.
- Maziwa: mandazi, mkate, biskuti, baadhi ya majarini, soseji, chapati za mtaani. Maziwa ya mbuzi hayatibu tatizo; protini zake zinafanana mno na za ng'ombe.
- Mayai: mkate wa kumimina, keki, katlesi, na chipsi zilizopita kwenye kikaango cha zege (chipsi mayai).
- Kamba: chambua fungu la dagaa, unaweza kukuta uduvi (kamba wadogo) humo.
- Ngano: tambi, semolina, na soseji.

Lebo nyingi zimeandikwa Kiingereza. Nakili maneno haya uyabandike jikoni: whey, casein, milk solids na lactose humaanisha maziwa; albumen ni yai; groundnut na arachis ni karanga; gluten na semolina ni ngano; sesame na tahini ni ufuta. Soma lebo kila unaponunua, hata kama ni bidhaa ileile, kwa kuwa viwanda hubadilisha viungo.

Onyo kwa mtoto aliyepungua uzito. Kliniki za utapiamlo hutoa chakula cha dawa kwenye pakiti, kama Plumpy'Nut. Kimetengenezwa kwa karanga na maziwa ya unga. Mwambie muuguzi kuhusu mzio kabla pakiti haijafunguliwa, na uombe mpango mwingine.

*Umefaulu ikiwa:* unaweza kutaja kila kiungo kilichomo kwenye kila alichokula jana.

## Hatua ya 6: Jaza pengo, tena kwa wingi

Kila unachoondoa kilikuwa na kazi mwilini. Usiondoe chakula leo bila kujua kesho nafasi yake inachukuliwa na nini.

Maziwa yakiondoka, mtoto anapoteza protini, mafuta na kalsiamu. Tui la nazi linaleta mafuta, lakini protini na kalsiamu ni kidogo sana; lipikie, usilifanye mbadala wa maziwa. Maji ya mchele nayo si mbadala. Ulezi ndio nafaka yetu yenye kalsiamu nyingi, takriban miligramu 340 kwa gramu 100 za nafaka kavu. Ongeza dagaa wadogo waliosagwa na miiba yao kama samaki hawamdhuru, pamoja na mboga za majani. Kama hanyonyi tena, muulize daktari kuhusu maziwa maalumu ya watoto wenye mzio, ya soya kama soya anaimudu, au kalsiamu ya dawa.

Mayai na samaki vikiondoka, tumia kuku, nyama ya kusaga na ini mara moja kwa wiki. Nyama ikiwa ghali, maharage, kunde, choroko na dengu vinabeba mzigo. Chemsha hadi vilainike, ponda, pitisha kwenye chujio. Mpe chungwa, embe au papai katika mlo huohuo ili madini ya chuma yafyonzwe vizuri. Chai mwondolee; inazuia chuma na inashibisha bure.

Karanga zikiondoka, fidia mafuta. Kijiko cha chai cha mafuta ya alizeti kwenye bakuli la uji kinaongeza takriban kilokalori 40. Nusu ya parachichi iliyopondwa ni bora zaidi, kama analimudu.

Ngano ikiondoka, kwetu sisi si msiba: kuna ugali, wali, viazi vitamu, mihogo, ndizi, magimbi, vitumbua vya mchele ulioloweka na kusaga mwenyewe.

Uji usiwe maji. Upike mzito, kisha tia kijiko cha unga wa kimea cha ulezi, uliootesha na kuanika vizuri usiote ukungu. Utaona uji unalegea wenyewe. Uchemshe tena dakika chache. Sasa kikombe kilekile kina unga mwingi zaidi, na tumbo lake dogo linapata chakula cha kutosha.

Siku ya mtoto asiyeweza maziwa, mayai, karanga wala ngano inaweza kuwa hivi: asubuhi uji wa ulezi wenye mafuta na ndizi mbivu; saa nne parachichi na kiazi kitamu; mchana wali na kunde zilizopondwa, mchicha wa nazi na kipande cha papai; alasiri kitumbua au muhogo wa kuchemsha; usiku ugali laini na kuku aliyechambuliwa au dagaa. Milo 3 hadi 4 na vitafunio 1 hadi 2, na kunyonya kama bado ananyonya.

## Hatua ya 7: Panga jiko

Pika cha mtoto kwanza, kabla ya kufungua vyakula vingine. Mafuta yaliyokaangia samaki au mayai yasimkaangie yeye. Mwiko uliokoroga mboga ya karanga usiingie kwenye sufuria yake hata kwa sekunde moja.

Nawa kwa maji na sabuni. Vitakasa mikono huua vijidudu, lakini mabaki ya karanga yanabaki mkononi palepale.

Familia inaweza kuendelea kula vyakula vingine. Kwa chakula kilichowahi kumletea ishara za hatari, ningeshauri kiondoke nyumbani kabisa mpaka mtoto akue kidogo. Mtoto wa miaka 2 anaokota kila kitu sakafuni.

## Hatua ya 8: Wafundishe wanaomshika mtoto

Wanaomlisha ni wengi: dada wa kazi, bibi, kaka zake, jirani, mwalimu wa chekechea. Anayempa karanga humpa kwa upendo. Ukimkaripia, ataficha, ukimpa wajibu, atalinda.

Kwa mama mkwe, sema hivi: "Mama, daktari ametuambia karanga zinaweza kumziba mjukuu wako pumzi. Nakuomba uwe mlinzi wake. Mtu yeyote asimpe kitu kabla hajakuonesha wewe." Akisema aonjeshwe kidogo kidogo azoee, usibishane; mwombe mfuatane kliniki siku inayofuata, ayasikie kwa daktari. Mweleze pia kwamba kumtafunia chakula, au kumbusu mdomoni baada ya kula karanga, kunatosha kumdhuru.

Dada wa kazi mwoneshe kwa vitendo. Weka kikapu kimoja chenye vitafunio vyote anavyoruhusiwa mtoto, na sheria iwe fupi: kisichokuwa kikapuni hakiingii mdomoni.

Kwenye harusi, Idi, Krismasi, ubatizo au msibani, nenda na hotipoti yake na umlishe kabla hamjafika.

*Umefaulu ikiwa:* mtu anapompa mtoto biskuti, kuna mwingine zaidi yako anayesema "ngoja kwanza".

## Hatua ya 9: Pima, kisha rudi kuuliza

Mpime uzito kila mwezi. Mstari ukilala kwa miezi miwili mfululizo, usingoje wa tatu. Utepe wa kupima mzunguko wa mkono unaotumiwa kliniki husoma hivi kwa watoto wa miezi 6 hadi 59: sentimita 12.5 na kuendelea yuko salama. Kati ya 11.5 na 12.5 anahitaji msaada wa lishe. Chini ya 11.5 apelekwe hospitali siku hiyohiyo.

Kila baada ya miezi 6 hadi 12, rudi kwa daktari uulize kama kuna chakula cha kujaribiwa tena. Watoto wengi huacha kudhurika na maziwa na mayai kadiri wanavyokua, na wengi huanza kuyamudu yakiwa yameokwa ndani ya mkate au keki kabla ya kuyamudu yakiwa hayajaokwa. Kwa karanga, takriban mtoto 1 kati ya 5 hupona. Samaki na kamba mara nyingi hubaki.

Siku ya jaribio la hospitalini, mtoto awe mzima, bila mafua wala homa, na dawa za kuzuia kuwashwa ziwe zimesimamishwa kwa siku ambazo daktari amezitaja. Beba chakula chenyewe, nguo za kubadili na kitu cha kuchezea, kwa sababu mtakaa saa kadhaa. Akifaulu, chakula hicho kirudi kwenye sahani yake mara kadhaa kila wiki, hata kama ni kidogo, ili mwili usipoteze uvumilivu ulioupata. Mpe dada na bibi orodha mpya siku hiyohiyo, na ile ya zamani uitoe mlangoni.